Sanduku la majaribio ya mwanga na nishati jadidifu: mwanga umenilipa, upepo umeniangusha

Sanduku hili linauzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya shule. Juu limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni la majaribio ya mwanga na nishati jadidifu kwa sekondari. Bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa 110,000. Tukapatana, nikalipa 85,000. Nimelitumia likizo nzima nyumbani kwangu Kihonda, Morogoro, na watoto wawili: mpwa wangu wa kidato cha nne na kijana wangu wa kidato cha pili, wote wakijiandaa na mitihani ya taifa. Kwa asiye na muda wa kusoma yote niseme mapema: upande wa mwanga unastahili pesa yake, mradi uwe tayari kurekebisha vitu vichache. Upande wa nishati, kama ulivyofungwa kiwandani, haumfundishi mwanafunzi chochote cha kuandika kwenye karatasi ya majibu mpaka umwongezee multimita (kifaa cha kupimia volti na mkondo) na rezista (vizuizi vya mkondo).

Kazi yangu ni fundi sanifu wa maabara kwenye sekondari. Kabla ya praktiko mimi ndiye ninayepanga meza, na baada ya praktiko mimi ndiye ninayehesabu pini na kufuta vioo. Nimeona wanafunzi wengi wenye akili wakiingia chumba cha mtihani wakiwa na kanuni ya Snell, ile ya kupinda kwa mwanga, kichwani, neno kwa neno, lakini wakikabidhiwa ubao, karatasi na pini nne, mikono inatetemeka. Hawajazishika vya kutosha. Meza moja inaweza kuwa na watoto wanane kwa seti moja ya vifaa. Anayechomeka pini ni mmoja, waliobaki wananakili. Ndiyo maana nikikagua kifaa cha marudio nauliza jambo moja tu: je, kinamfanya mtoto apime kitu, aandike namba, achore grafu, halafu aweze kuitetea grafu yake? Kifaa kinachowaka na kupendeza bila kutoa namba hakina nafasi mezani kwangu wakati wa marudio.

Ndani kuna bloku ya plastiki angavu ya mstatili, nyingine ya nusu duara, prizimu ya pembetatu, vioo bapa viwili, lenzi mbinuko mbili na mbonyeo moja, vishikio vya lenzi, pini, kipimapembe, na tochi ndogo yenye kifuniko cha mianya mitatu. Kuna karatasi ngumu ya kukunja kamera ya tundu. Upande wa nishati kuna paneli ndogo ya sola, mota yenye mapanga ya plastiki, taa mbili za LED na nyaya zenye klipu. Na kijitabu, ambacho nitakirudia.

Bloku ya mstatili ndiyo tuliyoitumia zaidi, kwa sababu hapo ndipo maksi za praktiko ya mwanga zilipo. Ina urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 6. Ni akriliki, siyo kioo, na kwa hilo sina ugomvi: kipimo cha kupinda mwanga cha akriliki ni karibu 1.49 na cha kioo cha kawaida ni karibu 1.52. Kwa kipimapembe cha mwanafunzi huwezi kuzitofautisha. Tatizo ni unene wake. Ni sentimita 1.2 tu, wakati bloku za maabara tunazozoea zinakaribia sentimita 2.

Sasa angalia unene huo unafanya nini. Mpwa wangu aliweka bloku juu ya karatasi, akachora mpaka wake, akasimamisha mstari wa nyuzi 90 kwenye uso, akapima nyuzi 30 na kuchomeka pini mbili za kwanza, P1 na P2. Akazunguka upande wa pili, akainama, akachomeka P3 na P4, kisha akaniita.

"Mjomba, njoo uone. Mwanga haujapinda hata kidogo."

Nikaitazama karatasi. Kweli, pini zote nne zilikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Alikuwa analinganisha vichwa vya P1 na P2 alivyoviona juu ya bloku, si miguu yake inayoonekana kupitia ndani ya bloku. Mwanga uliofika jichoni mwake haukuwa umepita kwenye akriliki kabisa. Bloku nene huficha kosa hilo kwa sababu inaziba sehemu kubwa ya pini. Hii nyembamba inalialika. Tulivuta ubao mpaka ukingoni mwa meza, akapiga magoti jicho likawa usawa wa karatasi, na juu ya bloku tukabandika ukanda wa manila uliosimama wima ili kuziba njia ya juu. Hapo pini zikaanza kuonekana zimehama kutoka pale akili inapozitarajia, na akacheka mwenyewe.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri sana. Kwa nyuzi 20 alipata 13, kwa 30 alipata 19.5, kwa 40 alipata 25.5, kwa 50 alipata 31, na kwa 60 alipata 35.5. Alipochora grafu ya sini ya pembe ya kuingia dhidi ya sini ya pembe ya kupinda, mstari ulinyooka na kupita kwenye sifuri, mteremko wake 1.49, yaani kile kile kipimo cha kupinda mwanga cha akriliki. Kwa plastiki ya kwenye sanduku, namba kama hiyo ni nzuri mno. Nilimsisitizia jambo moja ambalo kijitabu hakikulitaja: pini mbili za upande mmoja zisikae karibu karibu. Zikiwa sentimita 2 tu mbali na nyingine, ukikosea milimita moja mstari wako umeshageuka karibu nyuzi 3. Zikiwa sentimita 5, kosa lile lile linakuwa kama nyuzi moja. Mtoto akiliona hilo kwa mikono yake, hutahitaji kumkumbusha tena.

Pini zenyewe ni fupi na baadhi zimepinda. Nilizitupa zile zilizopinda nikanunua za fundi cherehani, zenye vichwa vya rangi. Kipimapembe nacho kiweke pembeni: mstari wa sifuri umechapwa juu kidogo ya pale kilipo kitundu cha katikati, kwa hiyo pembe zinatoka na kosa. Kipimapembe cha mkebe wa hisabati alionao kila mwanafunzi ni bora kuliko hiki.

Bloku ya nusu duara ndiyo kitu bora kuliko vyote ndani ya sanduku, na kama ingeuzwa peke yake ningeinunua hata kwa 20,000. Unazima taa, unawasha tochi, unaacha mwanya mmoja, unaelekeza mwali kwenye upande wa mviringo ukilenga katikati ya ule uso ulionyooka. Kwa kuwa mwali unaolenga katikati unauingia mviringo ukiwa wima kwenye uso, haupindi pale unapoingia. Unapinda pale unapotokea tu, na pembe unaisoma moja kwa moja kwenye karatasi. Tulizungusha bloku taratibu. Mwali unaotoka ukazidi kulala, ukazidi kulala, ukingoni ukaonyesha wekundu, halafu nyuzi 42 zilipopita ukatoweka, na mwali wote ukarudi ndani ukiwa mkali. Kijana wangu, ambaye mada hii bado hajaifikia, alisimama pale pale akauliza umekwenda wapi. Nikamwonyesha umerudi ndani. Nikamwambia intaneti anayoitumia kwenye simu, sehemu kubwa ya safari yake inakwenda hivyo hivyo, mwanga ukijigonga ndani ya nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa bila kupata pa kutokea. Mpwa wangu alikokotoa: moja gawanya kwa 1.49 ndiyo sini ya pembe hiyo, na pembe yenyewe ni nyuzi 42. Namba ya grafu ya bloku ya mstatili ikakubaliana na macho yake kwenye bloku nyingine. Hayo ndiyo marudio ninayoyataka.

Vioo bapa vimenisikitisha. Ni plastiki yenye utando wa kung'aa nyuma, na vimepinda kidogo, kiasi kwamba taswira ya pini inaonekana imevutika upande. Kwa jaribio la kuhesabu taswira kati ya vioo viwili vinafaa: ukivifungua nyuzi 90 unaona taswira 3, nyuzi 60 unaona 5, nyuzi 45 unaona 7, kama kanuni ya 360 gawanya kwa pembe, toa moja, inavyosema. Lakini kwa jaribio la pini, la kutafuta kama pembe ya kuingia inalingana na ya kuakisiwa, vinakupa tofauti ya nyuzi 3 au 4 ambayo si kosa la mtoto. Nenda kwa fundi vioo yeyote, mwambie akukatie vipande viwili vya sentimita 10 kwa 4 kwenye mabaki yake na asugue kingo. Mimi nililipa 2,000 kwa vyote viwili. Ukivitumia, kumbuka mwanafunzi achore mstari wa kioo kwa kufuata mgongo wake, kwa sababu kinachoakisi ni ule utando wa nyuma.

Lenzi nazisifu bila kusita. Ya kwanza imeandikwa urefu wa fokasi sentimita 10, na kweli ni 10. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kusimama ndani ya chumba, ukashika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi na kuielekeza dirishani kwenye kitu cha mbali. Kwetu ni milima ya Uluguru. Inaonekana kwenye karatasi ikiwa juu chini, midogo, na kijani chake chote, na ukipima umbali kutoka lenzi hadi karatasi unapata sentimita 10. Watoto walishindana kuipata ikiwa kali zaidi. Kwa grafu tulitumia tochi ya simu iliyofunikwa karatasi laini yenye msalaba wa kalamu: kitu kikiwa sentimita 30 taswira ilitua sentimita 15.2, kikiwa 25 ikatua 16.6, kikiwa 20 ikatua 20, kikiwa 15 ikatua 30 na ushee. Vishikio vya lenzi vinayumba. Vibane kwenye rula ya mita kwa mpira wa kufungia pesa. Na tafadhali, lenzi zirudishwe kwenye sanduku na mfuniko ufungwe. Lenzi ya sentimita 10 ikiachwa dirishani juani inaweza kuchoma karatasi, na hakuna mtoto anayepaswa kulitazama jua kupitia kwake hata mara moja.

Prizimu inatoa rangi zake vizuri asubuhi, jua likiingia chini. Hatukupima chochote nayo, lakini watoto waliipenda.

Kamera ya tundu imekatwa na tundu kubwa mno, karibu milimita 4, kwa hiyo taswira inatoka na ukungu. Tuliziba kwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya biskuti na kutoboa kwa ncha ya pini. Taswira ikawa kali, ila hafifu, na hapo pana swali zuri la mtihani: ukipanua tundu unapata mwanga zaidi na ukali unapungua. Nikawapeleka jikoni, kwenye banda la mabati, ambako misumari iliyong'oka imeacha matundu. Sakafuni kuna madoa ya mwanga, yote ya mviringo, ingawa matundu mengine yamechanika hovyo. Kila doa ni taswira ya jua. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, aliuchunguza mwanga unaopita kwenye tundu dogo miaka elfu moja iliyopita, na kijana wangu alilichunguza jambo hilo hilo karibu na jiko la mkaa.

Kijitabu kimeandikwa kwa haraka. Michoro ya mwanga iko sawa. Upande wa nishati kuna sentensi inayosema paneli ya sola "huhifadhi nishati ya jua". Nimeikata kwa kalamu. Paneli haihifadhi chochote. Inageuza nishati ya mwanga kuwa ya umeme papo hapo, na anayehifadhi ni betri. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiiandika sentensi ile anapoteza maksi, na kosa la namna hii kwenye kitu kinachouzwa kama cha marudio si dogo.

Kwenye paneli ndiko kuna mengi, na ndiko sanduku linakokosa kuyatoa. Kijitabu kinasema uunganishe paneli na LED, uiweke juani, LED iwake. Inawaka. Basi, jaribio limeisha. Kwa mtoto aliyezaliwa nyumba yenye taa za sola hilo si habari. Nilichukua multimita yangu, nikaenda kwa fundi redio mtaani nikanunua rezista za omu 10, 22, 47 na 100, zote za wati moja ili zisiungue, tukaanza upya.

Nyuma ya paneli imeandikwa volti 6, wati 2. Kwanza nikamwambia kijana apime eneo lake. Ni sentimita 7 kwa 7, yaani mita za mraba 0.0049. Jua kali la mchana linaleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paneli hii inapokea karibu wati 4.9. Ili itoe wati 2 ingebidi igeuze asilimia 41 ya mwanga kuwa umeme, wakati paneli za kawaida zinazouzwa madukani, tena zilizo nzuri, ziko karibu asilimia 20. Kijana wa miaka kumi na tano akagundua kwa rula na kikokotoo kwamba lebo haisemi kweli. Furaha aliyokuwa nayo siwezi kuieleza vizuri.

Kisha tukapima. Bila mzigo wowote ilitoa volti 7.0. Kwa omu 100 tulipata volti 6.2, kwa omu 47 tukapata 5.4, kwa omu 22 tukapata 2.8, na kwa omu 10 tukapata 1.3. Ukikokotoa wati, ya omu 47 ndiyo inayoongoza, karibu 0.62, ya 100 inatoa 0.38 na ya 10 inatoa 0.17. Hapo mpwa wangu, ambaye alidhani mada hii ya kidato cha pili haimhusu tena, akavuta kiti. Kwa nini katikati? Kwa sababu wati ni volti mara mkondo. Rezista ikiwa kubwa mno mkondo unakuwa mdogo. Ikiwa ndogo mno volti zinaanguka, kwa kuwa paneli ina kikomo cha mkondo inaoweza kuutoa kwa jua lile. Wati 0.62 kati ya 4.9 ni kama asilimia 13. Hiyo ndiyo lebo niliyoiandika kwa kalamu ya maka juu ya ile ya kiwanda.

Fanyeni pia jaribio la kivuli. Paneli hii ina seli 12 zilizofuatana, kila moja ikitoa karibu nusu volti. Ziba seli moja kwa kidole gumba. Watoto walitarajia umeme upungue kidogo, sehemu moja ya kumi na mbili. Badala yake mkondo ulianguka karibu wote, kwa sababu seli zimefuatana na mkondo wa mmoja ndio wa wote. Mwenye paneli juu ya bati na tawi la mwembe linalogusa kona yake anapaswa kulijua hili. Na iache paneli juani ipate moto: volti zisizo na mzigo zilishuka kutoka 7.0 hadi 6.6, na tulipoifuta kwa kitambaa chenye maji zikapanda tena. Watu wengi wanaamini sola inapenda joto. Inapenda mwanga, joto linaipunguzia volti.

Jambo ambalo mtengenezaji angelifanya kwa urahisi kabisa ni kuunganisha pande mbili za sanduku lake. Mkondo wa paneli ikiwa imefupishwa kupitia multimita, yaani ncha zake mbili zimeungwa moja kwa moja kwenye multimita bila rezista, unaendana na kiasi cha mwanga unaoiangukia. Kwa hiyo paneli ile ile ni kipimamwanga. Usiku tuliiweka sentimita 20 kutoka kwenye balbu, halafu sentimita 40, na mkondo ukabaki karibu robo. Umbali mara mbili, mwanga robo. Kwenye kijitabu hakuna hata mstari mmoja kuhusu hili.

Kinu cha upepo ndicho kibovu. Picha ya kwenye sanduku inaonyesha mapanga yakizunguka na LED nyeupe ikiwaka. Tuliiweka mbele ya feni ya mezani kwa kasi ya juu kabisa. Mota ilitoa volti 0.7. LED nyekundu inahitaji karibu volti 1.8 kuanza kuwaka, nyeupe karibu 3. Haiwezi kuwaka kwa kifaa hiki, na picha ile haipaswi kuwa pale. Mtoto anayefanya peke yake atadhani amekosea waya. Tulichookoa ni kupima volti kwa kila kasi ya feni na kwa umbali tofauti, ikawa jedwali la maana, lakini LED zenyewe tulizirudisha kwenye upande wa sola.

Maji hayamo kabisa, na hapo nalalamika kama mtu wa Morogoro. Mada ya vyanzo endelevu kwa kidato cha pili huwezi kuipita bila maporomoko, na kijitabu kinatoa mifano ya Ulaya mitupu. Nilichukua ramani. Maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, yanateremka mpaka Kidatu mkoani kwetu, megawati 204, kisha yanaingia Rufiji na kukutana na Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Maji yale yale yanafanya kazi mara tatu, na kijana akauliza nani anayarudisha juu. Jua, kwa mvuke na mvua. Kwa upepo nikampa Turkana, Kenya: mitambo 365 ya kilowati 850, azidishe mwenyewe apate megawati 310. Kwa joto la ardhi, Olkaria, karibu na Naivasha. Majibu yake ya insha yakaacha kuwa orodha ya faida na hasara.

Kuhusu duka, sina la kulaumu. Lenzi mbonyeo ilikuja na ufa. Nilituma picha, muuzaji akanijibu "pole kaka, nakuwekea kwenye basi," na nyingine ikafika stendi ya Msamvu ikiwa imefungwa kwenye gazeti vizuri, bila kunidai nauli ya mzigo. Hata hivyo, ukiwa dukani omba kufungua. Angalia pembe za bloku kama hazijameguka, elekeza lenzi mlangoni uone taswira kwenye kiganja chako, na weka vioo viwili uso kwa uso uone kama vimepinda.

Mwalimu wa tuisheni au mzazi mwenye watoto zaidi ya mmoja, nunua, usizidishe 85,000, na tenga 20,000 nyingine ya multimita na rezista. Mwenye mtoto mmoja wa kidato cha nne anayetaka praktiko ya mwanga tu asinunue sanduku zima. Bloku ya kioo yenye unene wa kutosha niliikuta duka la pili kwa 12,000, lenzi ya sentimita 10 kwa 5,000, vioo kwa fundi ni 2,000, pini kwa fundi cherehani ni 1,000, na ubao laini unaweza kuukata kwenye boksi la televisheni ukagundisha tabaka tatu. Bloku ya nusu duara ndiyo sijaiona ikiuzwa peke yake. Nimemwomba yule muuzaji aiagize hivyo, na akanijibu kwamba walimu wengine nao wameshamuulizia.